Mafuta ya Ghala na Mafuta ya Kazi

Mahubiri ya ibada ya Jumapili, Mishomoroni
Masomo: Matendo ya Mitume 9:10-19, 2 Timotheo 2:20-21



Jumapili nilianza kwa swali, na wengine mkacheka. Nani humu ndani amewahi kusafisha bunduki? Mikono iliyoinuka ilikuwa miwili tu, wangu na wa mzee wetu mmoja aliyestaafu kazi ya ulinzi. Akina mama walinitazama kwa wasiwasi, nami nawaelewa. Sisi wa Kisauni hatuna hamu ya habari za silaha. Tumewahi kufunga milango mapema kwa sababu ya vijana na mapanga. Wako humu kanisani waliokatwa.

Kwa hiyo niliseme mapema: sihubiri bunduki. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kukaa na silaha ya moto bila cheti, na mtu wa Mungu haifichi wala hamfichii mwenzake. Mimi nahubiri grisi.

Bunduki iliyolala

Wengi wenu mnanijua kama fundi wa kuchomelea milango hapa Mishomoroni, na mchungaji wenu. Hamkunijua kabla sijashuka Pwani. Nilikulia bara, Marakwet, kwenye ukingo wa juu wa Bonde la Kerio. Miaka ya 1980, kama hata leo, shida ya kule ilikuwa wizi wa mifugo. Polisi walikuwa mbali, na vijana wa kijiji tuliandikishwa kuwa polisi wa akiba, wale walioitwa KPR. Hatukuwa na mshahara. Kila mmoja alipewa bunduki ya serikali alinde kijiji, na bunduki yenyewe ilikuwa ile ya zamani ya Waingereza, tuliyoiita Mark 4.

Hiyo ni bunduki ya Vita vya Pili vya Dunia. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 4, huko Uingereza, Kanada na Marekani. Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi yalibaki na silaha nyingi kuliko askari. Zifanywe nini? Ziliwekwa ghalani. Lakini huwezi kuweka chuma ghalani miaka 20 kikiwa kitupu. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa hilo. Upepo wa chumvi unaotoka mkono wa bahari wa Tudor unakula mabati yako hujamaliza hata kulipa deni la fundi.

Basi silaha zile zilipakwa grisi nzito, nje na ndani. Wamarekani wana jina lake, Cosmoline. Inatokana na mafuta ya petroli, rangi yake ni kahawia, nayo ikiwa moto inaingia kila tundu. Ikipoa inashika kama nta. Maji hayapiti, hewa haipiti, kutu haipati mlango. Ukifungua sanduku baada ya miaka mingi, chuma ndani yake bado ni kama cha jana.

Kama hujawahi kuona bunduki, muulize fundi yeyote wa gereji hapa Mlaleo. Bering mpya ikitoka kwenye karatasi yake imepakwa mafuta ya kuihifadhi. Ni kitu kilekile.

Sasa shika jambo hili la kwanza, kwa sababu mahubiri yote yanasimama juu yake: grisi ile si uchafu. Aliyeipaka hakukosea. Bila hiyo bunduki isingefika. Ilipakwa kwa hekima, na mtu aliyetaka chuma kisife.

Foleni ya bolti

Siku tulipoletewa zetu, sajini mmoja alifungua sanduku mbele yetu. Tulitarajia kuona silaha, tukaona vitu vya kahawia vinavyonata kama vimetolewa kwenye mzinga. Ukishika, mkono haubanduki. Mmoja wetu akauliza, "Mzee, hizi zimeharibika?" Sajini akacheka. "Hazijaharibika, kijana. Zimelala. Leo mtaziamsha."

Kazi ile ilituchukua siku mbili. Tuliweka vyuma juani kwanza, kwa sababu joto huilegeza grisi. Tukawa na mafuta ya taa kwenye karai, brashi, miswaki iliyozeeka, na matambaa mengi. Petroli alitukataza kabisa. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo. Mtutu ulisafishwa kwa kamba yenye kitambaa mwisho. Unakivuta kinatoka cheusi. Unaweka kingine, kinatoka cha kahawia. Unarudia mpaka siku kitambaa kitakapotoka cheupe kama kilivyoingia. Kitako cha mti kilikuwa na ukaidi wake: unafuta, unakiacha juani, baada ya saa moja kinatoa jasho la grisi tena. Grisi ilikuwa imeingia ndani ya mti.

Halafu kulikuwa na bolti. Bolti ndiyo komeo la bunduki, na ndani yake kuna pini inayokwenda mbele kugonga risasi. Kwenye Mark 4 pini ile haitoki kwa mkono. Ina kifaa chake maalum, na sajini alikuwa nacho kimoja tu. Kila bolti ilikuwa na namba ya bunduki yake, kwa hiyo hukuweza kuchukua ya mwenzako iliyokwisha kusafishwa. Ilibidi upange foleni na ya kwako.

Ndugu zangu, mimi sikupanga foleni. Jioni ilikuwa imefika, watu walikuwa wengi mbele yangu, na bunduki yangu kwa nje ilikuwa inang'aa kuliko zote. Mti unametameta, mtutu ni safi ukiuchungulia. Nikaifuta ile bolti kwa juu kwa kitambaa, nikairudisha mahali pake, nikaenda zangu nyumbani. Watoto walinifuata njiani. Mama yangu alilia kwa furaha. Kijiji sasa kina mlinzi!

Tk

Wiki kama tatu baadaye walikuja. Ilikuwa alfajiri, na baridi ya kule juu si ya kuhadithiwa mtu wa Mishomoroni. Tulisikia mbwa, kisha ng'ombe. Nililala kifudifudi nyuma ya jiwe, nikaona watu, nikalenga, nikabonyeza triga.

Tk.

Nikafungua bolti, nikaweka risasi nyingine, nikabonyeza. Tk. Asubuhi tulipoziokota risasi zile mbili, kila moja ilikuwa na alama ndogo kitakoni, kama imefinywa kwa kucha. Pini ilikwenda, lakini ilikwenda polepole. Grisi niliyoiacha ndani ilikuwa imeganda kwa baridi, ikaikaba. Ng'ombe 11 wa jirani yangu walikwenda. Ndio waliokuwa karo za wanawe.

Leo kuhusu alfajiri ile namshukuru Mungu na tena namlilia. Namshukuru kwa sababu yule niliyemlenga alikuwa mtoto wa mtu, na mikono yangu haina damu yake. Hiyo ni neema, wala sikuistahili. Lakini neema ya Mungu haifanyi uzembe wangu kuwa wema. Jirani aliniamini. Aliniona na kitu kinachong'aa, akalala usingizi.

Mpendwa, wako watu wanaolala usingizi kwa sababu wanatuona Jumapili tunang'aa. Wanasema, pale Mishomoroni kuna kanisa, siku ya shida tutakimbilia pale. Siku hiyo wakibonyeza, tutalia tk?

Anania na woga wake

Twende Dameski. Matendo ya Mitume sura ya 9 inatuonyesha mwanafunzi anayeitwa Anania. Bwana anamwita katika maono, anampa hata jina la mtaa: nenda njia iitwayo Nyofu, nyumba ya Yuda, umtafute mtu wa Tarso aitwaye Sauli. Anania anajibu kwa heshima, lakini anajibu. Anamweleza Bwana kwamba habari za mtu huyu amezisikia kwa wengi, mabaya aliyowatenda watakatifu Yerusalemu, na kwamba hata hapa amekuja na ruhusa ya kuwafunga.

Je, Anania alikuwa anadanganya? Hapana. Kila alichosema ni kweli. Woga wake ulikuwa na ushahidi. Huenda woga ule ndio uliomfanya aishi mpaka siku ile. Wakati Sauli anaburuta watu na kuwatia gerezani, muumini mwenye akili alinyamaza, akafunga mlango, akachunguza anayebisha hodi. Hiyo ni grisi, na ni grisi ya Mungu, ya kumhifadhi mtu wake ghalani.

Ndiyo maana, ukisoma vizuri, Bwana hamkemei Anania kwa kuogopa. Hamwiti mtu wa imani haba. Anamwambia tu aende, kwa kuwa Sauli amekwisha kuwa chombo kiteule. Ni kama anamwambia: mwanangu, msimu umebadilika. Mimi ndimi niliyekupaka ile grisi, na mimi ndimi ninayekutoa kwenye sanduku.

Anania akaenda. Akaingia nyumba ile, akaweka mikono juu ya mtu aliyekuja kumfunga, na neno la kwanza lililotoka kinywani mwake lilikuwa kumwita ndugu. Hapo pini iligonga! Na mlio wake bado unasikika, kwa sababu mtu yule alitoka pale akabatizwa, akawa Paulo.

Paulo huyohuyo alipozeeka ndiye aliyemwandikia Timotheo habari za vyombo ndani ya nyumba kubwa, kwamba mtu akijitakasa atakuwa chombo cha heshima, kinachomfaa mwenye nyumba. Haitoshi kuwa chombo, wala kuwa cha dhahabu. Uwe tayari kwa kazi. Paulo alijua maana ya kusafishwa, maana kuna mtu aliyekubali kusafishwa ndani ili yeye apokelewe.

Grisi yangu

Sasa niseme ya kwangu, maana mchungaji akisafisha bolti za wengine na yake imejaa, huo ni uigizaji.

Wengi wenu mnakumbuka miaka mitatu iliyopita, usiku walipoingia karakana yangu, kisha nyumbani. Walichukua mashine ya kuchomelea na simu. Mke wangu aliwekewa panga shingoni. Tangu siku ile nilibadilika, na mwanzoni nilifanya vizuri kubadilika. Niliweka mlango wa chuma. Nilijifunza kutotembea ovyo usiku. Nilijifunza kutazama mikono ya mtu kabla ya uso wake. Hiyo yote ilikuwa ulinzi, na Mungu alikuwa ndani yake.

Lakini grisi ikikaa, mafuta mepesi yaliyo ndani yake huruka hewani, hubaki nta. Ilivyokuwa laini mwaka wa kwanza sivyo ilivyo mwaka wa tatu. Tahadhari yangu iliganda.

Mwanzoni mwa mwaka huu kijana mmoja wa hapa mtaani aliacha yale makundi akaokoka. Mnamjua, hukaa benchi la nyuma. Mama yake alinijia baada ya ibada, akaniambia, "Baba mchungaji, nakuomba umchukue mwanangu karakana. Akikaa bure watamrudisha." Nikamjibu kwa maneno mazuri kabisa. Nikamwambia, "Mama, tuombe kwanza tuone Bwana atasemaje." Si mnajua sisi wachungaji tunavyosema "tuombe kwanza" tukimaanisha hapana?

Kila Jumapili kijana yule alinisalimu mlangoni, "Shikamoo, Pasta." Nami nikampa mkono, nikasema marahaba, macho yangu yakitazama mtu aliye nyuma yake. Nje nang'aa. Suti imepigwa pasi. Sauti ipo, na kwenye kipindi cha maombi ninanguruma. Lakini Mungu alipobonyeza, ililia tk. Mama alileta mwana wake kwenye kanisa lenye mchungaji, nami nilikuwa chuma kilicholala.

Je, kijana yule alikuwa mmoja wa walioingia nyumbani kwangu? Sijui. Miezi mingi swali hilo lilikaa kooni kama mfupa wa samaki. Alhamisi kabla ya ibada hii nilikuwa nasoma sura ya 9, nikafika pale Anania anapojibu, nikaona jina langu. Jioni nikaenda kwao, upande wa Junda. Sikumwuliza lile swali. Nilikaa, nikanywa chai yao, nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Mkono nilikupa, moyo sikukupa." Alitazama chini muda mrefu, mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Pasta, hata mimi nilikuwa nakuogopa."

Jinsi ya kuiondoa

Tuchukue mambo manne, uyashike nyumbani.

La kwanza, kubali joto. Grisi baridi haitoki kwa kitambaa, utapaka tu. Kaa mbele za Bwana mpaka ulegee. Kuna machozi ambayo umeyakataa miaka mingi, nayo ndiyo jua lako.

La pili, usiishie nje. Kuimba, kutoa, kuvaa, kuhudumu, yote ni mti na mtutu. Panga foleni ya bolti. Na kumbuka kifaa kile hakikuwa mkononi mwangu, kilikuwa kwa sajini. Yako mambo ya ndani hutayafungua peke yako. Tafuta mzee, tafuta dada wa rohoni, ufungue kinywa. Wala usiazime bolti ya mwenzako. Ya kwako ina namba yako.

La tatu, usikate tamaa mti ukitoa jasho tena. Umesamehe Jumapili, Jumanne hasira imerudi. Haina maana kwamba hukusamehe. Iliingia ndani sana. Chukua kitambaa, futa tena.

La nne ndilo sajini alilolirudia kuliko yote: chuma kikisafishwa kisiachwe kitupu. Chuma kisicho na mafuta kinashika kutu upesi kuliko kile kilichokuwa ghalani. Bwana Yesu alifundisha habari za nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu, na hali ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Ndani ya kitako cha Mark 4 kuna tundu lenye kichupa cha mafuta mepesi. Unapaka kidogo tu. Haya nayo yanazuia kutu, lakini pini inakwenda. Hiyo ndiyo tofauti ya mafuta ya ghala na mafuta ya kazi. Yote mawili ni ulinzi. Moja linakulinda ukiwa umelala, lingine linakulinda ukiwa unafanya kazi. Upako wa Roho Mtakatifu ni mafuta ya kazi. Haukufanyi mjinga. Mlango wangu bado ni wa chuma, na funguo za karakana bado ziko mfukoni mwangu. Lakini moyo unakwenda.

Na hapa nitoe onyo la kichungaji. Dada unayepigwa nyumbani, mtoto unayeumizwa, usichukue mahubiri haya ukajirudisha hatarini. Wewe bado msimu wako ni wa kuhifadhiwa. Njoo tukufiche, na polisi wajue. Bwana ndiye anayejua siku ya kufungua sanduku, si mchungaji.

Hadi naandika haya

Kijana alianza kazi Jumatatu. Nilimpa msasa apige kutu ya mageti ya zamani. Jumanne alikuja mapema kuliko mimi. Jana, Jumatano, hakuja. Nikasikia ile grisi ikipanda tena shingoni: si nilijua! Nikaweka chini mashine, nikafuta mikono, nikaenda kwao kwa miguu. Nilimkuta ana homa, mama yake amekwenda Kongowea sokoni. Nikamnunulia dawa. Leo amelala, kesho tutaona. Sijui itaishaje, mpendwa. Anania naye hakuambiwa kama Sauli atamshukuru.

Tuombe

Bwana Yesu, asante kwa kila ulichonipaka ili nisife. Msimu wangu umebadilika. Nipe joto lako nilegee. Fungua ndani yangu mahali nisipofika mwenyewe. Nikiisha kusafishwa usiniache mtupu, unijaze Roho wako, nifae siku utakaponihitaji. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni tahadhari gani Mungu alikupa zamani ikakuokoa, na sasa imeganda?
2. Soma tena jibu la Anania. Wewe una "ushahidi" gani dhidi ya mtu ambaye Mungu anakutuma kwake?
3. Ni nani katika mtaa wetu anayekusalimu, nawe unatazama aliye nyuma yake? Mtaje katika maombi, kisha wiki hii umtembelee.